Sura ya Sita: Kete Unayompa Mpinzani

"Sasa dada yangu, kete zako ni zipi na za mwenzako ni zipi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya banda la fundi pale Mwenge, Dar es Salaam, vumbi la mbao limenijaa miguuni, mkononi nina karatasi niliyoichora kwa rula usiku uliotangulia. Nilimjibu kwamba hakuna zangu wala zake. Kete zote 16 ni za wote wawili. Fundi akaweka tupa juu ya benchi, akaniangalia vizuri. Ni mzee mwenye asili ya Newala, mchonga vinyago tangu ujana wake, na amecheza drafti kwa vizibo vya soda na bao kwa komwe tangu hajaota ndevu. Katika drafti kila mtu na rangi yake. Katika bao kete hazina rangi, lakini zikishalala kwenye safu zako mbili ni mali yako mpaka zitekwe. Mchezo usio na mwenye mali hakuwahi kuusikia.

"Basi mtu anashindaje?"

Nikamweleza. Ubao una vyumba 16, vinne kwa vinne. Kete nazo ni 16, na kila moja ina sifa nne: ni ndefu au fupi, nyeusi au nyeupe, ya duara au ya pembe nne, nzima au iliyotobolewa tundu kichwani. Mbili mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena, ndiyo hiyo 16. Kwa hiyo hakuna kete yenye pacha. Anayeshinda ni yule anayeweka kete ya nne kwenye mstari, uwe wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, ambao kete zake zote nne zina jambo lolote moja la pamoja. Zote fupi, au zote zina tundu, inatosha. Mpaka hapo fundi aliitikia kwa kichwa. Ndipo nikamwambia lililobaki: kete unayoiweka huichagui wewe. Mpinzani ndiye anayeichukua kutoka kwenye fungu na kukukabidhi mkononi. Wewe unachagua mahali pa kuiweka, basi. Ukishaiweka, nawe unamchagulia ya kwake.

Alikaa kimya kidogo, akipangusa vumbi kwenye tupa kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo nikishindwa," akasema, "silaha nimempa mimi mwenyewe."

Nimesoma maelezo mengi ya mchezo huu, na hakuna hata moja lililonifikia kama sentensi ile.

Unaitwa Quarto. Aliyeubuni ni Blaise Müller, mwanahisabati wa Uswisi, na kampuni ya Kifaransa ya Gigamic ikautoa mwaka 1991. Mimi niliukuta kwa rafiki yangu aliyerudi kutoka masomoni Lille akiwa na kisanduku kinachoenea kwenye mkoba wa kawaida. Tulicheza mara moja wakati wali unaiva. Wali ulipoiva tulikuwa tumecheza mara nne, na ukaungua kidogo chini. Baadaye nikajua kwamba Quarto una ndugu: kampuni hiyohiyo ilitoa pia Quixo wa Thierry Chapeau, Pylos wa David G. Royffe na Quoridor wa Mirko Marchesi, yote katika miaka ya tisini, yote ya mbao, yote ya kuelezeka kabla kikombe cha chai hakijapoa na kumalizika kabla cha pili hakijamiminwa. Haina dadu. Haina karata za kuchanganya. Haina hadithi ya wafalme na vita iliyochorwa juu ya kifuniko. Ni maumbo tu, na watu wawili wanaotazamana. Sura hii ni juu ya michezo ya namna hiyo, na hasa juu ya swali ambalo limenisumbua tangu siku ya ule wali: kwa nini mchezo wa dakika 15 unamshika mtu namna ile?

Jibu la haraka ni kwamba watu wa siku hizi hawana muda. Silikubali. Mtu asiye na muda angecheza mara moja akaondoka, wala asingecheza mara nne mfululizo huku chakula kikiungua. Kwa hesabu ya saa, mchezo mfupi mara nyingi unakula saa nyingi za jioni kuliko mrefu.

Nianze na mrefu, kwa sababu ndio niliolelewa nao. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa bao. Mwenye kulijua bao la Kiswahili anajua kwamba unaanza na kete 10 tu ubaoni upande wako, sita zikiwa kwenye chumba kiitwacho nyumba, na 22 zimebaki mkononi. Hatua ya namua inaendelea mpaka kila mmoja amezimaliza zile 22, yaani mara 44 mikono imeingia ubaoni kabla hata hatua ya pili, mtaji, haijaanza. Na katika kila mkono mmoja kete zinaweza kuzunguka, zikateka, zikazunguka tena, zikaishia mahali ambapo macho ya kawaida hayakupatarajia. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake juu yao mwaka 1995, na jambo lililomshughulisha ni mipaka ya akili ya binadamu: mtu anaweza kubeba mizunguko mingapi kichwani? Swali hilo linalistahili bao. Ni mchezo mkubwa, na sitaki mtu asome sura hii akadhani naushusha.

Lakini nilipokuwa nafungwa na babu, sikuwahi kujua nilikosea wapi. Nilikuwa na umri wa miaka 11 au 12. Niliona tu kwamba nyumba yangu imebomolewa na safu yangu ya mbele iko tupu. Babu alikuwa akisema, "Ulipotea kule mwanzo," na kule mwanzo kulikuwa kumeshafunikwa na mizunguko mia. Kosa langu lilikuwa limezikwa hai. Nilimwamini babu, ila sikujifunza, na nikaacha. Katika familia yetu waliobaki na bao ni wale waliovumilia miaka ya kufungwa bila kujua sababu. Nawaheshimu sana. Lakini ni wachache.

Sasa mtazame mtu anayefungwa Quarto. Kete iliyomwangusha iko pale pale ubaoni, bado ina joto la vidole vyake. Anarudi nyuma hatua moja: "Nilipokupa hii ndefu." Anarudi hatua ya pili: "Lakini ningekupa ipi? Zote zilizobaki zilikuwa ndefu." Hatua ya tatu: "Basi nilikosea pale nilipoiweka ile nyeupe kwenye kona." Anaigusa kona. Kosa limepatikana, linashikika, na muda uliotumika tangu lifanyike hadi ligundulike haufiki dakika tatu. Mchezo wote hauwezi kuzidi mikono 16, kwa sababu baada ya hapo ubao umejaa. Hakuna mahali pa kosa kujificha.

Hapo ndipo ninapoamini raha yote imelala. Mchezo mfupi unakurudishia kosa lako likiwa bado moto.

Ninatoka kwenye nadharia, narudi Mwenge.

Kwa nini nilikwenda kuchongesha badala ya kununua? Sababu ya kwanza ni bei pamoja na usafiri. Ya pili ni kwamba nilitaka mbao za hapa. Fundi alipendekeza mpingo, na akanionyesha jambo ambalo sikulijua ingawa nimenunua vinyago vingi vya mpingo maishani mwangu. Weusi ule maarufu ni moyo wa mti tu. Kati ya moyo na gome kuna ukanda mweupe, wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na tone la chai, ambao wachongaji mara nyingi huuondoa au huuacha kwa makusudi kama pambo. "Kete zako nyeusi na nyeupe," alisema, "zinatoka kwenye gogo moja." Akapekua mabaki chini ya benchi, akichagua vipande ambavyo ukanda wake mweupe ulikuwa mpana wa kutosha kutoa kete nene kama kidole.

Aliniacha nikae kwenye kigoda nikitazama. Za duara alizikereza. Za pembe nne alizikata kwa msumeno mwembamba, akazipiga randa, kisha msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye. Matundu yalisubiri mwisho. Fundi mwingine angeziona kama kazi ya kitoto, vijiti vya kuchezea. Yeye alizishika moja moja na kuzigeuza kama anayekagua meno ya mbuzi mnadani. Mti huu ni mzito mno, ukiutupa majini unazama, na kete ndogo ya mpingo mkononi ina uzito ambao mkono hauutarajii. Ukiiweka juu ya ubao wa mninga inatoa mlio mfupi mkavu. Mlio huo ni sehemu ya mchezo. Unasema: nimeshaamua.

Nimejaribu kucheza Quarto kwenye simu. Programu zipo, na sheria ni zilezile. Nilichoka baada ya siku mbili, na nilipojiuliza sababu niligundua kwamba kwenye simu hakuna anayenikabidhi kitu. Kete inang'aa, nabonyeza, inakwenda. Katika mbao, mwenzako ananyoosha mkono, na wewe unaufungua wako. Kwa nusu sekunde mikono yenu miwili iko kwenye kitu kimoja. Anayekupa anakutazama usoni kuona kama umefurahi. Wewe unajizuia usifurahi. Katika michezo yote ninayoijua, hakuna mwingine uliofanya kitendo cha kupeana kuwa ndio kitendo cha hatari.

Na sifa tatu kati ya nne zinasomeka kwa vidole. Urefu, umbo na tundu, mkono unavijua bila jicho. Rangi tu ndiyo ya jicho. Fundi alibisha hata hilo. Alisema moyo wa mpingo ni mzito kuliko ukanda wa nje, na mkono uliozoea unajua. Alifumba macho, nikampa kete tano moja baada ya nyingine, akataja sifa zote nne za kila moja. Hakukosea.

Siku niliyokwenda kuzichukua, alikuwa amezipanga juu ya gazeti katika makundi. Ndefu nane, fupi nane. Akazivuruga, akazipanga tena: nyeusi nane, nyeupe nane. Duara nane, pembe nne nane. Kisha akapanga kwa matundu, akaacha mikono juu ya gazeti.

"Zenye tundu ni saba."

Nilimwambia labda moja imeanguka. Akasema zote ni 16, amehesabu mara mbili, na kama jumla ni 16 na zenye tundu ni saba, basi nzima ni tisa, na mahali fulani kuna mapacha. Alizichukua nzima tisa, akazilinganisha mbili mbili, na mara moja akazisimamisha mbele yangu kete mbili ndefu, nyeusi, za duara, zisizo na tundu. Zilifanana kama punje za mahindi. Tulirudi kwenye karatasi yangu. Kosa lilikuwa langu. Katika orodha niliyoandika usiku ule, mstari wa tatu na wa tisa ulisema kitu kilekile, na kete moja haikuandikwa popote.

Fundi hakucheka. Aliifunga moja ya zile mbili kwenye jiriwa, akaishika keekee, akatoboa. Nusu dakika. Unga mweusi ukamwagika juu ya gazeti, na mapacha wakaacha kuwa mapacha. Tundu lilikuwa bado kavu, halijapakwa mafuta kama mengine.

Nasimulia hili kwa kirefu kwa sababu mtu huyu, ambaye hajawahi kukaa darasani kusomeshwa namna ya kuhesabu michanganyiko, aliufahamu muundo wa mchezo kabla ya kuucheza. Aliufahamu kwa mikono. Alijua kwamba kila sifa lazima igawe fungu nusu kwa nusu, na kwamba nusu hiyo ikipungua moja, kuna udugu uliozidi mahali. Müller aliuficha ulimwengu mzima wa namba ndani ya vijiti 16, na vijiti hivyo vinaufichua kwa yeyote anayevipanga juu ya gazeti.

Tulicheza palepale, kwani alikuwa ameunganisha mguu wa kigoda kwa gundi na ilibidi asubiri. Mchezo wa kwanza nilimfunga kwa mikono saba, kwa tundu, sifa ambayo wageni wote huisahau kwanza. Wa pili vilevile. Katika wa tatu alianza kufanya jambo lililonishangaza: kabla ya kunipa kete alikuwa akihesabu zilizobaki kwenye fungu, midomo ikitikisika.

Alikuwa amegundua siri ya mwisho wa mchezo. Chukulia kwamba mimi nimeweka kete ya tatu ndefu kwenye mstari, na chumba cha nne kiko wazi. Tangu hapo hakuna anayeweza kumpa mwenzake kete ndefu bila kufungwa. Tunaanza kupeana fupi tu. Kama fupi zilizobaki ni tano, mimi nampa ya kwanza, yeye ananipa ya pili, mimi ya tatu, yeye ya nne, mimi ya tano, na sasa ni zamu yake ya kunipa, na kwenye fungu hamna ila ndefu. Ameisha. Zikiwa nne, aliyeisha ni mimi, na ile kete ya tatu niliyoiweka kwa furaha ndiyo iliyonichimbia kaburi. Bila shaka anayepewa fupi anaweza kuitumia kuziba kile chumba na kuondoa tishio; lakini hapo amefunga mlango mmoja, na kufungua mwingine hutokea mara nyingi. Ubao una mistari 10 na kila mstari una sifa nne za kukagua, yaani mambo 40, na hakuna jicho linaloyaona yote kila wakati. Sheria za Gigamic zinakubali hilo: ukiwa umekamilisha mstari bila kuuona, ukampa mwenzako kete nyingine, yeye akiuona anautaja na ushindi ni wake.

Fundi aliniambia baadaye kwamba hesabu ile aliitoa kwenye drafti, mwisho wa mchezo, pale mnapobaki na kete chache na kila mtu anataka mwenzake ndiye alazimike kusogea. Wanaodhani michezo hii ya kisasa ni ya watu wengine, waliosoma, wakakae naye nusu saa.

Isitoshe, ubao mdogo wa kuchezwa haraka si uvumbuzi wa Ulaya. Magharibi mwa Kenya, kwa Watiriki, kuna shisima. Unachora pembe nane ardhini, unaziunganisha kwa mistari inayopita katikati, na hiyo katikati ndiyo inayoitwa shisima, yaani mahali pa maji. Kila mchezaji ana kete tatu, ziitwazo imbalavali, jina la wale wadudu wanaoteleza juu ya maji. Unasogea hatua moja kwenda mahali palipo wazi, huruki, na anayefikisha tatu kwenye mstari mmoja kupitia majini ameshinda. Watoto wanaucheza kwa kasi kama hao wadudu. Claudia Zaslavsky, mwanahisabati wa Marekani aliyejitolea kuandika juu ya hesabu za Afrika, ndiye aliyeufikisha kwenye madarasa mengi ya nje.

Wamaori wa New Zealand wana mu torere. Nyota ya ncha nane na kitovu, kete nne kwa kila mmoja, na mahali pamoja tu palipo wazi katika ubao wote. Hakuna kula, hakuna kuruka. Anayekosa pa kusogea amefungwa. Nilipoweka michoro ya shisima na mu torere pamoja mezani nilikaa nikiitazama muda mrefu. Pembe nane na katikati, hapa na upande wa pili wa dunia. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nadhani ni kwamba watu wanaotafuta ubao mdogo kuliko wote ambao bado una uhai huishia mahali pamoja, kama vile wanaotafuta chombo chepesi cha kubebea maji huishia kwenye kibuyu.

Kuna mmoja zaidi ambao lazima niutaje hata kama hauna kete za kuchonga kwa ustadi. Mwaka 1942 Piet Hein wa Denmark alibuni mchezo wa kuunganisha pande mbili za ubao wa vyumba vya pembe sita. Mwaka 1948, Princeton, kijana John Nash akaubuni upya bila kujua ya mwenzake. Leo unaitwa Hex. Hautoki sare kamwe: njia yangu ikizibwa kabisa, ujue ni yako iliyoiziba, na yako tayari imefika ng'ambo. Nash alithibitisha kwamba anayeanza ana njia ya ushindi wa hakika. Lakini uthibitisho wake hausemi njia hiyo ni ipi. Nimeufikiria uthibitisho huo mara nyingi nikiwa kwenye daladala, na bado unanipa furaha ileile: unajua mlango upo, wala huambiwi uko wapi.

Hapo linakuja suala la kompyuta, ambalo watu hunitupia kila nikizungumzia michezo hii. Wanasema: mashine imeshaumaliza, kwa nini ucheze? Ni kweli kuhusu mingi. Quarto ulikokotolewa wote mwaka 1998 na Luc Goossens: wachezaji wawili wasiokosea wanatoka sare. Quixo, wenye vipande 25 vya kusukumwa, watafiti waliumaliza mwaka 2020: sare. Hata drafti, kwa sheria za Kiingereza ambazo si zile za vijiweni kwetu, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta waliukokotoa kwa kazi iliyoanza 1989 na kutangazwa 2007. Sare tena.

Mimi naona habari hizo zinaupa mchezo hadhi. Kama Quarto usio na makosa ni sare, basi kila mara mtu anapofungwa, kuna mahali halisi alipokosea. Hakuna bahati mbaya, hakuna karata mbovu, hakuna dadu iliyomchukia, wala hawezi kusema mwenzake alianza na faida. Kwenye meza ile kulikuwa na njia ya kutofungwa, na aliipita. Maisha hayatupi jambo la namna hiyo mara nyingi. Mtu anafukuzwa kazi, biashara inakufa, ndoa inavunjika, na miaka inapita bila yeye kujua kama kosa lilikuwa lake, la wengine, au la hali ya hewa. Kwenye ubao wa vyumba 16 anajua. Anajua ndani ya robo saa, na anaruhusiwa kujaribu tena akiwa na ujuzi huo mpya mkononi. Ndiyo maana wali uliungua.

Si michezo yote midogo ya mbao inayofanya hivyo kwa kiwango kimoja, na sitawasifia yote. Quoridor, ambamo mnajengeana kuta 20 kwenye ubao wa tisa kwa tisa mkikimbilia upande wa pili, ni mzuri ila unachosha pale kuta zinapokwisha na kilichobaki ni kuhesabu hatua. Pylos naupenda kwa sababu ya mbao zake: mipira 30 ya kujenga piramidi, 16 chini, juu yake tisa, kisha minne, kisha mmoja. Kila mchezaji ana 15, na anayeweka wa kileleni ndiye mshindi, kwa hiyo siri yote ni ubahili. Ukitengeneza mraba wa rangi yako unarudisha mmoja au miwili mkononi. Mpira ulio chini ukiweza kuupandisha ghorofani, umeokoa mwingine. Binti wa dada yangu, mwenye miaka tisa, ananifunga Pylos mara mbili kati ya tatu. Anasema siri yake ni kwamba hatoi mpira mpaka auonee huruma.

Lakini Quarto ndio niliobaki nao, na kila nipitapo Mwenge naupeleka. Mara ya mwisho fundi alikuwa anaunganisha fremu ya kioo. Alikaza vibanio, akapangusa gundi iliyotoka pembeni kwa kitambaa chenye maji, akasogeza kigoda. Kete sasa zimeng'aa kwa mafuta ya mikono yetu, isipokuwa ndani ya lile tundu alilotoboa mwishoni, ambalo bado lina rangi ya kijivujivu ya mbao mbichi.

Tulifika mkono wa kumi na mbili. Ubaoni kulikuwa na kete tatu zenye matundu kwenye mshazari, nilikuwa nimeziona, na nilijua kwamba lazima nimpe iliyo nzima. Nilitazama fungu. Ndefu, nyeusi, ya duara. Kichwani mwangu kete ile ilikuwa nzima, kwa sababu nzima ndivyo nilivyoiandika kwenye karatasi yangu usiku ule. Niliichukua bila kuitazama juu, nikamkabidhi.

Aliipokea, akapitisha kidole gumba kichwani mwa kete, akakiacha kidole kimekaa juu ya tundu. Hakusema kitu. Aliiweka kwenye kona, ikalia ule mlio wake mfupi.

"Hii ulinitobolesha wewe, dada."

Nikazikusanya kete na kuzirudisha kwenye fungu, nikihakikisha matundu ni manane. Fundi aligusa ukingo wa fremu kwa ncha ya kidole. Gundi bado ilikuwa inanata.

"Anza wewe kunipa," akasema.